Mayai yamepungua, mama mkwe anadhani nayauza kwa siri

Mshauri, shikamoo.

Naishi Morogoro na mama mkwe wangu na wanangu wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni ya Tunduma, nyumbani tunamwona mara mbili kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka jana mama mkwe alinipa shilingi 800,000 kutoka kwenye mafao ya marehemu baba mkwe. Nikajenga banda uani, nikanunua vifaranga 70 vya kuku wa mayai, Isa Brown. Waliokua wakafika kutaga ni 64. Wakati ananikabidhi zile hela aliniambia neno moja tu: "Chakula cha hao kuku usikibadilishe bila kunishirikisha."

Walitaga vizuri sana. Walipokuwa kwenye kilele nilikuwa napata mayai 58 mpaka 60 kwa siku. Walipofika wiki ya 70 walikuwa wameshuka hadi 47, nikaambiwa ni umri. Shida ilianzia kwenye chakula. Mfuko wa kilo 50 niliokuwa nanunua 58,000 ukafika 72,000, huku trei ya mayai naiuza kwa jumla 9,500 ile ile. Nina rejesho la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, 20,000 kila Jumamosi, na limebakiza wiki tisa.

Jirani akanishauri nichanganye nusu chakula cha dukani, nusu pumba za mahindi. Pumba hapa kwetu ni 600 kwa kilo. Nikafanya hivyo bila kumwambia mtu. Mwanzo nilifurahi. Baada ya siku kumi hivi mayai yakaanza kuteremka, na leo, wiki ya nne, naokota 24 kwa siku, manne kati ya hayo yana nyufa au ganda laini. Zamani walikula kilo saba na nusu kwa siku, sasa nawapa kilo nane na bado wananikimbilia mlangoni. Wameanza kudonoana. Wawili wamekufa, wamebaki 62, na wengine wawili wana vidonda mgongoni karibu na mkia.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni mama mkwe. Juzi alihesabu trei jikoni, akasema, "Mayai ya nyumba hii siku hizi yameota miguu." Nikanyamaza. Nikimweleza kwamba ni chakula, itabidi niseme nilikibadilisha bila kumshirikisha, na hapo najua atanitoa bandani. Nikinyamaza, nabaki mwizi. Mume wangu nilipomgusia kwa simu alisema niuze wote, hataki kusikia habari ya kuku. Mama mkwe yeye anasema niwafungulie wajitafutie kama kuku wa kienyeji. Mahindi hapa ni 850 kwa kilo, mashudu ya alizeti 800, mashudu ya soya 2,000, dagaa wa mifugo 3,500. Nimefikiria kuchanganya chakula mwenyewe lakini naogopa kuharibu mara ya pili. Kuku mmoja aliyechoka kutaga wananunua 9,000.

Nifanye nini?

Mwenye kuku 62, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako ina hesabu nzuri, na hilo peke yake linaonyesha jinsi unavyolijali banda hilo. Kama nimekuelewa, una mizigo miwili uliyoifunga kamba moja: kuku walioacha kutaga, na mama mkwe aliyeacha kukuamini. Naomba tuifungue, tuushike mmoja mmoja, halafu tuone inapokutana.

Tuanze na pumba, maana ndizo ulizoziamini. Kabla ya kuchanganya, kilo saba na nusu za chakula zilikugharimu 10,800 kwa siku. Mayai 47 kwa bei yako ya trei ni kama 14,880. Ulibaki na 4,080 kila siku, na rejesho la Jumamosi lilitoka humo. Sasa kilo nane za mchanganyiko zinakugharimu 8,160, na mayai 20 yanayouzika yanakuletea 6,330. Unapoteza 1,830 kila jua linapochwa. Pumba zimekuokolea 2,640 kwenye chakula, zikachukua mayai 27, yaani 8,550. Sikuandikii haya ili kukulaumu. Wafugaji wengi hupita njia hiyo hiyo, kwa sababu bei ya mfuko inaonekana kwa macho, lakini gharama ya yai moja mpaka uikokotoe.

Kilichotokea ndani ya kuku ni hiki. Chakula kamili cha kuku wa mayai huwa na protini asilimia 16 hadi 17, na kalisi, madini yanayojenga ganda na mifupa, karibu asilimia 3.5 hadi 4. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, na kalisi yake ni kama hakuna. Ulipochanganya nusu kwa nusu, kalisi ilishuka hadi chini ya asilimia 2. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalisi, na kuku hunyonya kama nusu tu ya anayokula. Kuku wako sasa anakula gramu 130 kwa siku, anapata kalisi gramu 2.4 hivi, inayoingia mwilini ni kama gramu 1.2. Inayopungua anaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana ganda limekuwa laini, na ukiendelea utaona kuku wanaokaa chini, wanaoshindwa kusimama. Chumvi nayo umeigawa nusu bila kujua, na kuku aliyepungukiwa chumvi na protini hutafuta damu na manyoya ya mwenzake. Hao wanaokukimbilia mlangoni matumbo yamejaa makapi, mwili ndio una njaa.

Hata hivyo, tusiwe na haraka ya kuzibebesha pumba kila kitu. Kesho chukua mayai matatu, yavunje kwenye sahani bapa. Ute mzito ukisimama kuzunguka kiini, na shida ikawa ganda tu, chakula kinabaki mshukiwa wa kwanza. Ute ukitambaa kama maji, na maganda yana makunyanzi, huenda kuna ugonjwa wa njia ya hewa au mdondo (Newcastle) uliopita kimya kimya kwa sababu walichanjwa zamani. Hapo mwite afisa mifugo wa kata kabla ya kununua chochote. Angalia pia mara ya mwisho walichanjwa lini dhidi ya mdondo. Ile ya I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Halafu usiku ingia na tochi, upitishe kidole chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na vidoa vyekundu, hao ni utitiri, wananyonya damu wakati kuku wamelala, na mayai hupungua hata chakula kikiwa kizuri.

Na maji? Hukuyataja. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwenye joto la Morogoro hunywa zaidi ya hapo. Kuku 62 wanahitaji lita 15 siku ya kawaida, na siku ya jua kali hata 25. Chombo kikikauka saa sita mchana mpaka saa tisa, siku mbili tatu zinazofuata utaliona pengo kwenye trei.

Sasa njia zilizo mbele yako. Kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuwarudishia chakula kamili kwa wiki tatu na kuangalia. Badilisha kwa siku nne, ukipunguza pumba kidogo kidogo, wasije wakakivamia. Wiki tatu ni kilo 157 hivi, mifuko mitatu na kidogo, karibu 226,800. Tuchukulie mabaya: mayai yasipande kabisa, yabaki 24, ila ganda lipone uyauze yote. Utapata kama 159,600. Pengo ni 67,200, chini kidogo ya bei ya mfuko mmoja, na ndilo la kuwa tayari kulipoteza ukichagua jaribio hili. Mstari wako ni mayai 34 au 35 kwa siku. Chini ya hapo chakula cha dukani hakijilipi, juu ya hapo kinaanza kukurudishia. Kuku wa wiki ya 74 waliokuwa wakitaga 47 mwezi mmoja uliopita wana uwezekano mzuri wa kuuvuka mstari huo, ingawa kurudi 47 kamili sitakuahidi, kwa sababu mifupa iliyochotwa hujijaza polepole na umri nao unakwenda.

Katika wiki hizo weka chombo cha pembeni chenye magamba ya konokono au chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa, kama punje za mchele. Gramu 300 kwa kundi zima, iweke saa kumi jioni. Ganda hutengenezwa usiku, na chembe kubwa hukaa tumboni zikiyeyuka taratibu wakati kuku amelala. Tafadhali isiwe chokaa ya ujenzi, hiyo inaunguza.

Uangalie pia chakula kinachopotea. Vyombo vijazwe theluthi moja tu, ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kila kuku apate sentimita 10 za kula, kwa hiyo kundi lako linahitaji kihori cha mita tatu na kidogo kinacholiwa pande zote mbili. Kihori kikiwa kifupi, wanyonge hula mabaki ya unga, wenye nguvu hunenepa na kuacha kutaga.

Njia ya pili ni ile uliyoiogopa, kuchanganya mwenyewe, na hofu yako ni ya haki. Mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kufaa ni huu: mahindi yaliyoparazwa kilo 48, pumba 6, mashudu ya alizeti 20, mashudu ya soya 9, dagaa 5, chokaa ya mifugo 9, mifupa iliyosagwa 2, chumvi gramu 300, premiksi (vitamini na madini) ya kuku wa mayai gramu 400 au kama pakiti inavyoelekeza, na viini viwili vya protini, methionini gramu 200 na laisini gramu 100. Kwa bei ulizoniandikia, pamoja na kusagisha, kilo moja itakuangukia kati ya 1,100 na 1,150, badala ya 1,440. Kuku watakula kidogo zaidi kwa sababu alizeti ina makapi, labda kilo nane kwa siku, kwa hiyo unaokoa kama 1,700 kwa siku.

Panapoharibika napo ni pengi. Dagaa wa mifugo mara nyingi wana mchanga: tumbukiza kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge, uone kinachotua chini. Wakiwa wa chumvi, chumvi yako ya gramu 300 iondoe. Soya mbichi humzuia kuku kuitumia protini, kwa hiyo mashudu yawe yaliyopita kwenye moto. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuyakausha upya hakuiondoi. Mashudu ya pamba yaache, yanachafua rangi ya kiini. Vile viungo vya gramu usivimwage juu ya rundo: vichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, halafu na kilo tano, ndipo uvitawanye kwenye rundo lote na kuligeuza kwa koleo mara nne au tano. Usitengeneze cha zaidi ya wiki tatu, na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa kuku waliotikisika kama wako ningetamani waanze kupona kwa chakula unachokijua, mchanganyiko mpya ufuate. Mkoba wako ndio utakaosema kama hilo linawezekana. Na kwa kuwa uko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kiko karibu, kapeleke sampuli ya mchanganyiko wako uulizie upimaji kabla ya kusaga gunia la pili.

Njia ya tatu ni ya mama mkwe, kuwafungulia. Nimeipima kwa heshima, kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Majani hukoza kiini, kutembea hupunguza kudonoana, na kuwaacha uani kwa muda wa saa mbili kila jioni kunafaa. Kilo mbili tatu za mchicha au majani ya mlonge zikining'inizwa kwa kamba, usawa wa kichwa, huwashughulisha vizuri. Lakini kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, na mwili wake umezoea hivyo. Isa Brown alizalishwa ili atage mayai 300. Akijitafutia tu hawi wa kienyeji, anakonda. Na mdondo hupita kwa kuku wa jirani.

Ya nne ni ya mume wako. Ukiuza wote 62 kwa 9,000 utapata 558,000. Unaweza kumaliza VICOBA, rejesho la wiki tisa ni 180,000, na ukalala. Gharama yake ni banda tupu: ukianza tena na vifaranga ni wiki 18 mpaka 20 bila yai, na kila kifaranga kitakula kilo sita mpaka saba kabla ya kutaga. Pia ukiuza leo, unauza kuku waliokonda. Kati ya kuuza wote na kutouza pana nafasi. Baada ya wiki tatu za chakula kizuri unaweza kumshika mmoja mmoja usiku. Anayetaga ana upanga wa kichwani mwekundu na laini, tundu la kutagia pana lenye unyevu, na kati ya mifupa miwili ya nyonga vinaingia vidole viwili au vitatu. Aliyeacha, upanga umesinyaa, tundu kavu, kidole kimoja kinapita kwa shida. Wakiwa 12 wa namna hiyo, wanakula zaidi ya 2,000 kwa siku bila kurudisha kitu. Lakini usiwachambue sasa: kwa njaa waliyo nayo, hata mtagaji mzuri atafanana na aliyechoka, na utauza mzima kwa bei ya mgonjwa.

Nimechelewa kufika kwa mama mkwe kwa makusudi, maana sasa una cha kushika mkononi.

Unaandika kwamba ukimweleza, "najua atanitoa bandani". Hilo amelisema yeye, au umelisema wewe kwa niaba yake usiku ukiwa macho? Alichosema ni kwamba mayai yameota miguu. Linaweza kuwa shutuma. Linaweza pia kuwa swali la mwanamke aliyeweka mafao ya mumewe kwenye banda hilo, anaona trei zinapungua na hakuna anayemwambia kitu. Ulinyamaza, na kimya chako amekijaza mwenyewe. Hakukukataza kubadilisha chakula, mwanangu. Alitaka ashirikishwe.

Unaweza kumweleza yote, pumba na jirani na hofu ya rejesho. Huenda akakasirika, huenda akamwambia mwanawe kabla yako, kwa hiyo fikiria nani asikie kwanza. Unaweza kurudisha chakula kimya kimya ukasubiri trei zijae, lakini kwa wiki tatu utabaki na jina la mwizi, na mayai yasipopanda utakuwa na mambo mawili ya kueleza. Au unaweza kuanza na kitu badala ya maneno: mwite bandani asubuhi, mpe yai lenye ganda laini alibonyeze kwa kidole gumba, mpe na lile lenye nyufa alipitishe kwenye mwanga wa dirisha aone mabaka. Anayeuza mayai kwa siri hupunguza idadi, halainishi ganda. Akishaliona ganda, neno la chakula linapata mahali pa kukaa. Vyovyote utakavyochagua, daftari lingekulinda: tarehe, kilo zilizoingia, mayai yaliyookotwa, yaliyovunjika, yaliyouzwa. Akiwa tayari, yeye ndiye aokote, saa nne na saa tisa, aandike kwa mkono wake.

Na mume wako alijibu "uza wote" akiwa njiani, kwa simu, bila hesabu yoyote mbele yake. Mtumie hesabu hizi, faida ya 4,080 ya zamani na hasara ya 1,830 ya sasa, uone kama jibu litakuwa lile lile. Inawezekana likawa lile lile, naye ana haki ya kuchoka.

Wale wawili wenye vidonda watoe leo, wasilale na wenzao. Safisha kwa maji ya chumvi, paka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, mpaka wekundu ufichike kabisa, kwa sababu ni rangi ya damu inayowaita wengine. Kidonda kikikauka, warudishe usiku giza likiwa limeingia, uwapandishe kwenye fito katikati ya wenzao, ili asubuhi waamke pamoja.